Mtoto wa Mtoro

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa. Kuitaja kwa maandishi kunahitaji kibali cha Idara ya Jina la Nchi, na mkuu wa idara hiyo yuko semina tangu mwaka juzi. Wewe msomaji jua tu kwamba ni nchi nzuri, ina bendera na wimbo, na ina serikali inayowapenda mno wananchi wake, hata siku moja ikaamua kuhakikisha ni akina nani hasa.

Ndipo ikaja Sheria ya Mizizi.

Waziri aliyeileta, Mheshimiwa Daktari Injinia Luteni Mstaafu Bahame Chilolo, alihutubia uwanjani saa tatu mfululizo, jua la utosi, yeye akiwa chini ya turubai na wananchi chini ya mbingu.

"Ndugu wananchi," alinguruma, "mti usio na mizizi si mti. Mti usio na mizizi ni kuni!"

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akauliza hizo kuni zitafanywa nini. Akatolewa uwanjani kwa heshima zote, mmoja kamshika mkono huu na mwingine mkono ule.

Sheria ilikuwa nyepesi kabisa. Kila mtu alitakiwa kuwatafuta wazee wake walioandikwa katika Hesabu ya Kwanza ya watu, ile iliyofanywa na wakoloni, kisha athibitishe kwamba wazee hao walifia ndani ya mipaka. Ambaye baba yake alifia nje, huyo ni mgeni kamili. Ambaye babu yake mmoja kati ya wazee wanne alifia nje, huyo ni robo mgeni. Sheria haikusema ni robo ipi ya mwili itakayorudishwa kwao, lakini tuliambiwa kanuni ziko njiani.

*

Mwalimu Sikudhani alifundisha darasa la nne kwa miaka ishirini na sita. Mwaka mmoja kabla ya Sheria ya Mizizi alikuwa karani wa sensa. Alivaa kizibao cha serikali, akazunguka mtaa mzima wa Kichangani kwa siku saba, akahesabu kaya mia mbili na kumi na nne, akang'atwa na mbwa wa diwani, akamhesabu diwani hivyohivyo huku mguu ukivuja damu. Mwishoni alipewa cheti kilichoandikwa kwa wino wa dhahabu: Umeihesabu nchi, nchi nayo inakuhesabu.

Alikuwa mjane, akiishi na mama yake, Bi Tabu binti Mlanzi, mwanamke wa miaka sitini na tisa mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Bi Tabu alifuga bata. Kila bata alimpa jina la mtu aliyewahi kumuudhi, ili apate wa kumtukana asubuhi bila kukosana na jirani.

Barua ya Kamati ya Mizizi ilipokuja, mama na mwana walivaa nguo za Idi wakaenda.

Kamati ilikaa katika jengo la zamani la sinema. Wananchi walijaa kwenye viti vilivyochanika, wakitazama mbele kama wanaosubiri picha ianze, na chini ya pazia jeupe ilikuwapo meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, chupa za maji, na kipaza sauti cha kuitia majina. Mwenyekiti alikuwa Bwana Selengu, mtu mpole sana, aliyezoea kusema "pole" kabla ya kumuumiza mtu.

"Baba mzazi?" aliuliza.

"Mlanzi wa Kigodi," akajibu Bi Tabu.

Bwana Selengu akafunua faili. "Hesabu ya Kwanza: yupo. Mwanamume wa Kichangani, umri wa kukisia ishirini na miwili, meno yote. Vizuri sana. Hongera, mama."

"Ahsante, mwanangu."

"Hesabu ya Pili, miaka mitatu baadaye." Akasoma polepole. "'Alitoroka kutoka machimbo ya mawe, pamoja na wenzake arobaini, kuelekea nje.'" Akafunga faili. "Pole, mama. Baba yako ni mgeni."

"Mgeni wa wapi?"

"Wa nje."

"Nje ipi?"

"Mama, nje ni nje. Kumbukumbu haikufafanua, na Kamati haiwezi kuongeza neno kwenye kumbukumbu. Una siku thelathini za kurudi kwenu."

"Kwetu Kichangani, hapa nyuma ya soko."

"Huko unaishi tu. Kwenu ni kule alikotorokea baba yako. Serikali itakupa basi hadi mpakani. Ukishavuka, utaulizia."

Sikudhani akasimama. "Mwenyekiti, mama yangu hajawahi kuvuka hata mto. Magoti yake hayapandi ngazi. Mnampeleka kuulizia kwa nani?"

"Mwalimu, wewe kaa," Bwana Selengu alisema kwa upole uleule. "Wewe ni robo mgeni. Suala lako linajadiliwa peke yake."

Likajadiliwa papo hapo. Mjumbe mmoja aliona robo mgeni anaweza kufundisha robo tatu ya kila kipindi. Mwingine aliona afundishe masomo yote isipokuwa Historia na Uraia. Wa tatu aliuliza kama hesabu anazofundisha ni za hapahapa. Mwishowe waliafikiana kwamba, kwa ajili ya usalama wa watoto, asiingie darasani mpaka apatikane babu.

*

Walipofika nyumbani Bi Tabu alikaa kibarazani, akavua viatu, akasema:

"Mtoro yule. Amenikimbia nikiwa kwenye mbeleko, leo anarudi kunifukuza."

Kwa maana Bi Tabu alikuwa amekua kwa jina hilo. Kisimani aliitwa mtoto wa mtoro. Siku ya ndoa yake shangazi wa bwana harusi alisema wazi, mbele ya wapishi, kwamba damu ya kukimbia haikauki. Mama yake Bi Tabu aliishi miaka arobaini bila kuwa mke wala mjane. Wanaume wawili walimposa, na mara zote mbili waliambiwa ana mume, yuko nje. Hakukaa edda, kwa sababu mtoro hana edda. Alipokufa hakuna aliyejua wamwandike nini, wakaandika "mwanamke".

"Nilimtukana kila siku," Bi Tabu alisema. "Kila siku ya Mungu. Yule dume mwenye shingo ndefu unadhani jina lake nani?"

Sikudhani alimtazama bata yule. Siku zote walikuwa wakimwita Babu, naye alidhani ni kwa sababu ya uzee.

Kesho yake akaanza kumtafuta babu yake.

*

Ofisi ya Takwimu ilimpokea vizuri, maana bado alikuwa na kile cheti cha dhahabu. Nyuma ya kaunta alikuwapo binti mmoja aliyemletea buku la Hesabu ya Pili, zito kama jiwe la kusagia. Sikudhani akalifungua ukurasa wa machimbo.

Machimbo yale kila mtoto wa nchi anayajua. Hapo ndipo wakoloni walipovunjisha mawe ya kujengea jumba la Gavana, ambalo leo ni Ikulu. Hapo ndipo wafanyakazi walipogoma wakitaka maji ya kunywa saa za jua. Na mgomo ule, kwa mujibu wa kitabu cha darasa la nne, uliongozwa na Mwasisi wa Taifa, Hayati Magembe Tindwa, ambaye aliponea chupuchupu kwa ushujaa wake. Siku ya mgomo ni sikukuu. Inaitwa Siku ya Mawe, na viongozi hula pilau.

Majina arobaini na moja yalikuwa yamepangwa safi, kila moja na neno lake pembeni: alitoroka, alitoroka, alitoroka. Sikudhani aliyasoma kama mtu aliyewahi kushika kalamu ya sensa, si kama mwenye shida.

"Dada," alimwita binti wa kaunta, "sensa ni ya waliolala ndani usiku ule. Sivyo?"

"Ndivyo, Mwalimu."

"Ambaye hakulala hapo, humwandiki."

"Humwandiki kabisa. Ukimwandika unarudia fomu."

"Basi hawa arobaini na mmoja hawakulala. Kwa nini wameandikwa? Nani huyo aliyepoteza wino kuwahesabu wasiokuwapo?"

Binti akaangalia ukurasa. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Kisha akalifunga buku taratibu, kama unavyomfunika mtoto aliyelala.

"Mwalimu," alinong'ona, "mimi nina mkataba wa miezi mitatu."

Ila alipokuwa akimsindikiza mlangoni aliongeza, bila kumtazama: "Waliohesabiwa wako kwetu. Waliokufa wako Wizara ya Ardhi."

Ni kweli, na hili linafaa kuelezwa kwa wageni. Zamani vifo viliandikwa na Wizara ya Afya, lakini Wizara ya Afya ililalamika kwamba takwimu zile zinaichafulia jina. Baraza la Mawaziri likakaa siku mbili hotelini, likatoa uamuzi wa busara: kwa kuwa marehemu wako chini ya ardhi, basi wako chini ya Wizara ya Ardhi. Wakahamishiwa Idara ya Udongo, pamoja na kabati zao.

*

Fomu ya Kumtafuta Marehemu ina kurasa sita. Kipengele cha tisa kinauliza: Je, marehemu ana taarifa kwamba anatafutwa? Cha kumi na nne kinadai anwani ya sasa ya marehemu. Sikudhani aliandika: "Hiyo ndiyo nimeifuata."

Mtunza kumbukumbu wa Idara ya Udongo alikuwa Mzee Hatibu, mtu mwembamba aliyebakiza miaka miwili astaafu. Chumba chake kilikuwa na rafu mbili. Rafu moja ilikuwa na mitungi ya sampuli za udongo wa wilaya zote, na ya pili madaftari ya vifo. Vyote vilipigwa vumbi kwa kitambaa kimoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wa machimbo?" alisema alipoiona fomu. "Hao hawamo. Hao walitoroka."

"Umeangalia?"

"Sina haja ya kuangalia, mama. Nimeambiwa."

Sikudhani akarudi mara ya pili, akaambiwa fomu imeisha muda. Mara ya tatu akaambiwa fomu ni nzima ila picha yake ya pasipoti inatabasamu. Mara ya nne hakuja na fomu. Alisimama mlangoni tu, uso umemparama.

"Mzee Hatibu," alisema, "sikuja kubishana. Mama yangu kabakiwa na siku kumi na moja wampakie basi. Nimekuja kukuaga, maana huenda nikaenda naye."

Mzee Hatibu akaweka kitambaa chini.

"Mama yako ni nani wao?"

"Ni binti wa mmojawapo. Mlanzi wa Kigodi."

"Yu hai?" Sauti ilimtoka kama mtu aliyekanyaga mwiba. "Kuna mtoto wao aliye hai?"

"Yu hai, na anafuga bata."

Mzee akakaa kwenye kiti. "Nimelala na kuamka na daftari lile miaka thelathini na mmoja," alisema. "Hajaja hata mtu mmoja kuliulizia. Nikajiambia watakuwa wamekwisha wote. Nikashukuru Mungu kwa hilo, Mwalimu. Naungama mbele yako: nilishukuru."

Kisha akasimama, akajikung'uta. "Mimi siruhusiwi kukuonyesha chochote. Amri iko ukutani pale. Lakini hakuna amri inayonikataza kwenda kuswali adhuhuri. Rafu ya chini, jalada jeusi. Simu uliiacha getini?"

"Niliacha."

"Kalamu unayo?"

"Mimi ni mwalimu, mzee."

"Basi nimekwenda."

Daftari lilikuwa la zahanati ya machimbo. Kurasa za mwanzo zilijaa vifo vya kawaida vya mahali pale: homa, kuhara, jiwe, jiwe, homa. Mganga aliyeandika alikuwa na mwandiko mdogo wa kujibana. Kisha ikafika tarehe ambayo Sikudhani aliijua, kwa sababu kila mwaka siku hiyo aliwapanga watoto mistari wakaimbe. Siku ya Mawe.

Jina la kwanza lilikuwa la Shauri wa Mwinyigogo, miaka thelathini. Katika safu ya sababu ya kifo iliandikwa: Risasi. Chini yake vilikuwapo vikwaruzo viwili vidogo vya kuonyesha "kama hapo juu". Chini yake tena vikwaruzo viwili. Na tena. Vikwaruzo vilishuka ukurasa mzima, vikageuza ukurasa, vikashuka tena. Arobaini. Mganga hakuwa na nguvu ya kuliandika neno lile mara ya pili, au labda wino ulimwishia, sijui. Jina la kumi na saba lilikuwa la Mlanzi wa Kigodi, miaka ishirini na mitano, Kichangani.

Katika safu ya maelezo, pembeni kabisa, mganga aliandika maneno mawili kwa ajili ya wote: Wote mgongoni.

Na chini, kwenye mstari wa shahidi, palikuwa na sahihi ndefu yenye mkia uliojizungusha mara tatu. Sikudhani hakuhitaji kuisoma. Alikuwa ameitazama miaka ishirini na sita, chini ya picha kubwa ukutani mwa darasa lake. Mbele ya sahihi yalikuwapo maneno: M. Tindwa, Nyapara Mkuu. Aliyewatambua.

Kiongozi wa mgomo, kumbe, alisimama upande wa bunduki, akinyoosha kidole.

Miaka ishirini na sita Sikudhani aliuliza darasani, "Nani aliongoza mgomo wa machimbo?" na watoto hamsini wakaitika, "Mwasisi Tindwa!" Akauliza, "Aliponaje?" nao wakaitika, "Kwa ushujaa wake!" Aliyekosea alisimama hadi kipindi kiishe. Alikumbuka hata majina ya baadhi ya aliowasimamisha. Akang'ata kanga yake asipige kelele, kisha akatoa daftari la mazoezi, akanakili. Majina yote, umri, vijiji, vikwaruzo vyote.

Mzee Hatibu alikawia sana. Aliporudi, kalamu ilikuwa imewekwa chini na daftari limerudi rafuni.

"Nimelipa na swala zangu zote za kadha," alisema, "hata zile za ujanani."

*

Mimi binafsi sina hasira. Nataka hilo lieleweke. Serikali ya nchi ile imepiga marufuku hasira katika maeneo ya umma, nami nimezoea kutii. Nasema tu kwamba watu arobaini na mmoja waliomba maji wakapigwa risasi za mgongo. Aliyewaonyesha wauaji akafanywa sanamu. Wake zao wakafanywa wake za watoro, na leo watoto wao wanapakiwa basi kwa sababu baba zao, wakiwa wamelala chini ya mawe ya nchi hiihii, eti wameihama. Nimeeleza tu. Kama sauti yangu imepanda, ni kikohozi.

*

Sikudhani alidhani mama yake atalia. Bi Tabu hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba asomewe tena mstari wa kumi na saba, kisha akauliza:

"Mgongoni?"

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa anakimbia kuja wapi? Machimbo na Kichangani, ukitoka kule, nyumbani ni upande gani?"

Sikudhani akageuka kuitazama njia ya machimbo.

"Alikuwa anakuja nyumbani," Bi Tabu alisema. Akainuka kwa shida, akaenda bandani, akakaa huko na bata wake, akampakata yule dume wa shingo ndefu. Sikudhani akamsikia anasema, mara nyingi, neno moja tu: nisamehe.

Siku mbili baadaye walirudi kwenye jengo la sinema.

Bwana Selengu alisoma nakala ya daftari, na maji ya chupa yakamkwama kooni. Akawanong'oneza wajumbe. Wajumbe wakalitazama pazia jeupe juu yao kana kwamba litaanguka.

"Mama, pole sana," alianza. "Tuna tatizo dogo. Hati hii ni siri ya taifa. Ukiwa nayo, una kosa la jinai. Usipokuwa nayo, wewe ni mgeni."

"Sasa tufanye nini?" Sikudhani aliuliza.

"Kamati ina huruma." Bwana Selengu akavuta karatasi iliyokwisha chapwa. "Tumekubali kwamba baba alifia ndani ya mipaka. Mama atapata kitambulisho leo hii, na Mwalimu atarudi darasani Jumatatu. Mama aweke dole gumba hapa tu. Sababu ya kifo tumeandika: alianguka."

Karatasi ikasukumwa mbele ya Bi Tabu. Kidau cha wino kikafunguliwa. Sikudhani, nasema ukweli kama alivyousema yeye mwenyewe baadaye, alitamani mama yake aweke dole. Aliwaza magoti yale ndani ya basi. Aliwaza darasa lake. Alifungua mdomo aseme, "Mama, weka tu," lakini Bi Tabu alikuwa amekwisha anza.

"Mwanangu, wewe umesoma," alimwambia Bwana Selengu. "Mtu akipigwa risasi, haanguki?"

"Huanguka, mama."

"Basi hujasema uongo. Umeanzia katikati tu. Andika kwa mpangilio: alipigwa risasi, kisha akaanguka. Halafu umwandike na aliyemwonyesha kidole. Ukimaliza niletee, dole ninalo, haliendi popote."

"Mama, hilo haliwezekani."

"Na mama yangu muandike mjane. Mmemwandika mwanamke. Hilo alizaliwa nalo, halikuwa na haja ya karani."

Bwana Selengu akafunga kidau. "Basi Kamati haina la kufanya."

Hapo Sikudhani akanyoosha mkono, akakivuta kipaza sauti cha kuitia majina. Hakuwa amepanga. Alikishika kama anavyoshika rejista ya darasa asubuhi, akafungua daftari la mazoezi, akasoma:

"Shauri wa Mwinyigogo, miaka thelathini, wa Mtakuja. Risasi."

Ukumbi ulikuwa unavuma kwa mazungumzo, ukanyamaza.

"Ndege wa Kilumbi, miaka kumi na tisa, wa Songambele. Risasi."

"Zima kitu hicho!" mjumbe mmoja akapiga kelele. Lakini mtambo wa sauti ulikuwa umefungiwa katika chumba cha zamani cha kuonyeshea picha, na ufunguo ulikuwa wizarani.

Sikudhani hakutumia "kama hapo juu". Alilitamka neno lile kila mara. Alipofika jina la tisa, mwanamume wa makamo aliyekaa viti vya nyuma, aliyekuja kuthibitisha mizizi yake kwa mara ya tano, alisimama polepole kama aliyeitwa na mtu asiyemwona.

"Huyo ni babu yangu," alisema. "Tuliambiwa alihamia kwa wanawake wa ng'ambo."

Kwenye jina la kumi na nne wakasimama dada wawili, wakashikana. Kwenye la kumi na saba Bi Tabu alikuwa amekwisha simama. Polisi walipopata ngazi ya kukatia waya, yalikuwa yamebaki majina matatu. Sikudhani akayasoma kwa mdomo, na kila mtu akasikia, maana hakuna aliyekuwa anapumua.

*

Mambo yaliisha kwa utaratibu, kama yanavyoisha siku zote katika nchi ile.

Waziri Chilolo alihutubia tena. Alisema Sheria ya Mizizi haijafutwa, imelazwa ipumzike. Mzee Hatibu alistaafishwa kwa manufaa ya umma siku ileile, na daftari jeusi likahamishiwa Wizara ya Maji, ambako wiki hiyohiyo lililowa. Mwalimu Sikudhani alikaa rumande siku tisa. Darasani hajarudi mpaka leo ninapoandika. Nafasi yake alipewa mwalimu anayejua jibu.

Bi Tabu aliletewa barua yenye muhuri. "Kwa kuwa suala la baba yako liko katika uchunguzi," ilisema, "na kwa kuwa uchunguzi huo hauna tarehe ya mwisho, unaruhusiwa kukaa nchini kama mgeni wa muda. Muda huo utakwisha utakapofariki." Alisomewa mara moja, akasema vizuri, karatasi hiyo wawatandikie bata wanaoatamia.

Kisha akawaita watu. Baadhi ya familia walikuwa wamejuana kule ukumbini, na hao wakawatafuta wengine, mpaka zikapatikana familia thelathini na tatu kati ya arobaini na moja. Siku ya Mawe ilipofika walikwenda machimboni alfajiri, kabla ya viongozi na pilau yao. Walitandika mikeka na majamvi juu ya kokoto. Wengine walileta misahafu, wengine rozari, wengine pombe ya kumwaga chini kwa ajili ya wazee wao. Wanawake wakajifunga kanga viunoni, wakakaa matanga. Walilia kilio cha msibani, kile cha siku ya kwanza, cha kumwita maiti kwa jina na kumuuliza amewaacha na nani. Ofisi ya Takwimu ilitangaza baadaye kwamba waliohudhuria walikuwa watu saba.

Sajini wa polisi aliyetumwa kuwatawanya alishuka garini na askari wake, akasimama mbele ya kundi lile. Ni dhahiri hakuwa ameelezwa vya kutosha. Alivua kofia kwanza, kwa mazoea tu, kama mtu yeyote afikapo msibani. Akamwendea mkongwe aliyekuwa karibu naye.

"Shikamoo, bibi. Poleni. Nani amefariki?"

"Baba yangu," Bi Tabu alisema.

"Inna lillahi. Lini?"

"Miaka sitini na minane iliyopita."

Sajini akawatazama askari wake, akayatazama majamvi. "Bibi, miaka sitini na minane! Na mnalia leo?"

"Taarifa ndiyo kwanza imefika," akajibu Bi Tabu, akamgeuzia mgongo, akaendelea kulia.